Ekseli ya nyuma ya Mustang yangu: kwa nini niliiacha ya inchi 9 nikabaki na 8.8

Mlio ulikuwa mmoja tu. Taa ya kijani iliwaka, nikaachia klachi injini ikiwa kwenye mizunguko elfu nne, gari likasogea kama mita mbili kisha likakata tamaa. Injini inanguruma, gia imeingia, gari haliendi. Jamaa watatu wakanisukuma hadi pembeni ya uwanja, na tulipochungulia nyuma gurudumu la kushoto lilikuwa limetoka nje karibu sentimita tatu, limekaa upande kama jino la mtoto linalotaka kung'oka.

Gari lenyewe ni Mustang LX 5.0 ya mwaka 1990, yenye gia za mkono. Naishi Texas, pembezoni mwa Dallas, na siku nyingi za wiki gari hili linanipeleka kazini. Mara moja au mbili kwa mwezi nalipeleka uwanja wa robo maili, wanapofungulia watu wa kawaida nao wakimbize magari yao. Miaka mitatu sikuwahi kuvunja chochote. Siku ile nilikuwa nimeazima tairi laini za mashindano kwa rafiki, na tairi hizo ndizo zilizonivunjia hafushafti, ile shafti ya ndani ya ekseli inayozungusha gurudumu. Tairi za kawaida zikizidiwa huteleza zikachoma moshi, na kule kuteleza ndiko kunakookoa vyuma. Tairi inayoshika lami haisamehe.

Hesabu yake si ngumu. Injini hii kiwandani ilitoka na nguvu za farasi 225 na msokoto wa Nm 407 hivi. Gia ya kwanza ya giaboksi ya T-5 ni 3.35, na uwiano wa difu yangu ulikuwa 2.73. Zidisha vyote, unapata karibu Nm 3,720 zinazofika kwenye ekseli. Huo ni msokoto wa injini ikivuta taratibu. Ukiachia klachi kwa ghafla, uzito wa gurudumu la injini unaongeza pigo juu ya hapo, na pigo hilo linaishia kwenye shafti mbili zenye meno 28 kila moja.

Niruhusuni nimtaje mjomba wangu kidogo. Aliendesha Land Rover za zamani upande wa Handeni, na hafushafti kwake ilikuwa kitu cha kuvunjika kama kijiti cha kiberiti. Lakini hakuwahi kulala porini kwa sababu hiyo. Kwenye Land Rover zile gurudumu linabebwa na beringi zake juu ya bomba la ekseli, shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Ikivunjika unaichomoa, unaingiza gia ya magurudumu ya mbele, unarudi nyumbani polepole. Ekseli ya Mustang si hivyo. Shafti inazungusha, inabeba uzito, na tena ndiyo inayolizuia gurudumu lisitoke, kwa kipande kidogo cha chuma chenye umbo la herufi C kilichofungwa ndani ya difu. Shafti ikikatika karibu na meno yake, hakuna kinacholishika gurudumu. Breki za dramu hazilizuii, zinatoka nalo. Nilivunja nikiwa kwenye mwendo wa mtu anayetembea. Sipendi kufikiria ingekuwaje barabara kuu.

Kwa hiyo nilikuwa lazima ninunue kitu. Ushauri wa kwanza, wa kila mtu mwenye mvi uwanjani, ulikuwa mmoja: tupa hiyo, weka Ford ya inchi 9. Wana sababu. Ekseli hiyo ilitengenezwa kuanzia mwaka 1957 hadi katikati ya miaka ya 1980, na mpaka leo kampuni za vipuri zinaitengeneza upya. Pinioni yake, ile gia ndogo inayoingiza nguvu ndani ya difu, imeshikwa na beringi pande zote mbili za meno, haina zile klipu za C, na moyo wote wa difu unatoka kwa mbele kama droo. Unaweza kuwa na difu mbili, moja ya barabarani na moja ya mashindano, ukabadilisha jioni moja.

Namba za majina haya zinawachanganya watu. Inchi 9 na inchi 8.8 ni kipenyo cha krauni, ile gia kubwa ya duara inayozungushwa na pinioni, yaani tofauti ni kama milimita 5. Nguvu ya ile ya inchi 9 haitoki kwenye hizo milimita tano, inatoka kwenye namna pinioni ilivyoshikwa. Na palepale ndipo gharama yake ilipo: pinioni imekaa chini sana ikilinganishwa na katikati ya krauni, meno yanasuguana zaidi yanapopitana, na msuguano huo unakula nguvu kidogo na kuleta joto. Kwa gari la kwenda kazini kila siku, nguvu hiyo unailipia mafuta kila siku. Juu ya hapo bei niliyopewa kwa ekseli kamili, iliyopimwa kwa gari langu, na breki zake, ilikuwa dola 3,600 kabla ya kufunga. Hesabu ile ilininyima usingizi.

Wakati huohuo ile 8.8 iliyokuwa chini ya gari haikuwa na ubaya wowote katika krauni na pinioni. Ford waliianza kwenye Mustang za V8 mwaka 1986 na wakaendelea nayo karibu miaka 30. Ubovu wake unajulikana, na ni sehemu tatu: shafti za meno 28, klipu za C, na mabomba mawili yaliyoingizwa kwa kubanwa kwenye kitovu cha chuma cha kuyeyusha, ambayo yakipata nguvu nyingi yanaweza kujizungusha. Vitu vitatu vyenye dawa. Nikaamua kutibu, si kuzika.

Nilinunua shafti za meno 31, zile nene, zenye boliti 5 badala ya 4, pamoja na breki za diski. Diski nazo ni sababu ya usalama, maana kipande kinachobana diski kinasaidia kulizuia gurudumu siku ya shida. Klipu za C nimeziacha palepale. Vipo vifaa vya kuziondoa, na gari la kasi kuliko langu uwanja wenyewe utalidai vifaa hivyo, lakini nimeona vingi vikivuja oili na mimi nimechoka kufagia karakana. Mabomba nilichomelewa na fundi wa vyuma kwa dola 150, akipasha moto kitovu kwanza ili kisipasuke. Difu ya ndani, ile ya klachi za sahani, ilikuwa imechakaa hadi ikichoma tairi moja tu, nikaweka Truetrac ya meno 31, ambayo ni ya gia tupu na haina sahani za kuisha.

Truetrac ndiyo sehemu ninayoisifu bila kusita. Kwenye kona ya mvua huisikii. Ukikanyaga gesi ukitoka kwenye kona, magurudumu yote mawili yanafanya kazi, taratibu, bila ule mkwaruzo wa difu za kufunga. Kasoro yake moja: gurudumu moja likinyanyuka kabisa hewani, inakuwa kama difu ya kawaida. Unagusa breki kidogo, inazinduka. Iwekeeni oili ya kawaida ya difu, isiyo na ile dawa ya kulainisha klachi, maana hakuna klachi.

Sasa uwiano. Vijana wote wanataka 4.10. Mimi nilipiga hesabu kwa tairi zangu za 245/45R17, gia ya 5, maili 70 kwa saa. Kwa 2.73 injini ilikuwa ikizunguka 1,700 hivi kwa dakika. Kwa 4.10 ingekuwa 2,550. Nikachagua 3.55, inayonipa 2,210 hivi, na ile nguvu ya gia ya kwanza kwenye ekseli ikapanda hadi Nm 4,840. Gari limekuwa kama limeongezewa silinda, na bado naweza kuongea na mke wangu njiani. Kumbuka tu kubadilisha kile kigia cha plastiki cha kipima mwendo kwenye giaboksi. Mimi nilisahau, nikawa nasoma maili 90 nikiwa sijafika hata 70.

Kilichoniudhi si kipuri bali ufundi. Gereji ya kwanza ilinifungia krauni mpya, nikaondoka na mlio wa kuimba kila nikiachia gesi. Wakaniambia utaisha wenyewe. Haukuisha. Mzee mmoja wa Kimeksiko, fundi wa difu tu, alifungua kifuniko, akapaka meno rangi ya njano, akazungusha, akanionyesha alama: zilikuwa zimekaa ukingoni mwa jino badala ya katikati. Pinioni ilikuwa na kipimo kibaya cha wosha. Alitumia saa tano, akapima upenyo wa meno kwa sehemu chache za kumi za milimita, akanitoza dola 400. Kisha akaniamuru: dakika 20 uendeshe polepole, uache ipoe kabisa, urudie mara kadhaa, na maili 500 za kwanza usikanyage. Nikatii. Kimya mpaka leo. Kama mnaweka akiba mahali, msiiweke kwenye fundi.

Jumla ilifika dola 2,300, pamoja na zile za kurudia kazi. Wanaotafuta ekseli kwenye skrepa wasome kibati kilichofungwa kwenye boliti ya kifuniko: 3L73 maana yake uwiano 3.73, na ile L ni difu isiyoachia tairi moja. Mchunguze pia gari ilikotoka, Mustang za silinda nne zilikuwa na ekseli ndogo ya 7.5, msije mkabeba mzigo wa bure.

Ni mwaka wa pili sasa. Tairi zilezile laini nimenunua zangu, nimeondoka kwa nguvu mara nyingi kuliko ninavyomwambia mke wangu, na oili niliyomwaga mwezi uliopita ilitoka safi, vumbi la chuma dogo tu kwenye sumaku. Ila gia ya 3 imeanza kusaga nikiiingiza haraka. T-5 haikuundwa kwa mchezo huu, na tairi zilizokuwa zikiteleza na kuilinda hazitelezi tena. Jumamosi naenda kuuliza bei ya giaboksi nyingine, ya Tremec.