Treni ya usiku ya Kisumu kwa wanaokwenda kutembelea jamaa

Treni ya abiria ya Nairobi–Kisumu ilifufuliwa Desemba 2021, na ratiba yake ya mwanzo ilikuwa kama imepangwa na mtu mwenye shangazi Nyanza. Iliondoka Nairobi Ijumaa saa kumi na mbili na nusu jioni ikafika Kisumu Jumamosi asubuhi saa kama hiyo, kisha ikarudi Jumapili jioni. Nauli wakati huo ilikuwa shilingi 600 daraja la chini na 2,000 daraja la kwanza. Ratiba hubadilika, hasa Krismasi ikikaribia, kwa hivyo pitia stesheni kwanza ndipo uwaandikie wenyeji.

Kwa mwendo, basi linaishinda wazi. Saa 12 za treni ni saba au nane barabarani. Reli ni ile ya kale ya upana wa mita moja, iliyofika Kisumu 1901, tena ni njia moja: treni mbili zikikutana, moja hungoja stesheni hadi nyingine ipite. Ikitoka Nakuru hupanda hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, halafu huteremka kwa kona na madaraja hadi ziwani, kwenye mita 1,130 hivi. Sehemu hiyo tamu yote unaipita gizani. Mtalii atalalamika, na ana haki. Treni ikichelewa kidogo, kukipambazuka unaona miwa ya Muhoroni na Chemelil. Anayetaka kuitazama milima ya Nandi akae upande wa kulia.

Lakini ukiwa na watoto watatu na nyanya mwenye magoti mabovu, treni ni afadhali. Mtu anasimama, ananyoosha miguu, anakwenda msalani bila kumbembeleza dereva. Beba sweta na leso nzito hata kama Kisumu ni joto, kwa maana baridi ya Londiani, kule juu karibu na Mau Summit, usiku haina mzaha. Chakula toka nacho nyumbani: chapati, mayai ya kuchemsha, chai kwenye chupa.

Kinachoharibu safari hizi mara nyingi ni ujumbe uliotumwa kwa wenyeji. Ukiandika “tunakuja Ijumaa”, watachinja kuku Ijumaa, na nyinyi mtafika Jumamosi. Ukiandika “12:30”, mjomba atasoma asubuhi, binamu mwenye simu ya saa 24 atasoma adhuhuri. Andika saa kwa maneno, taja siku ya kushuka, idadi ya watu na mizigo, na stesheni yenyewe. Kwa mfano:

“Shangazi, salamu nyingi. Tunapanda treni Nairobi Ijumaa jioni, tunashuka Kisumu mjini JUMAMOSI asubuhi, saa kumi na mbili na nusu. Watu wazima wawili, watoto watatu, mabegi manne na gunia moja. Msitoke nyumbani mpaka nipige simu tukipita Muhoroni. Jumapili saa tisa mchana tuwe tumeaga.”

Muhoroni iko yapata kilomita 50 kabla ya Kisumu, hivyo simu hiyo inampa mwenyeji nafasi ya kuoga na kutafuta tuktuk, na treni ikichelewa hasimami bure stesheni. Sentensi ya kuaga nayo usiiache. Bila hiyo, Jumapili ndiyo sufuria la pili linawekwa jikoni saa kumi, na hapo kuondoka ni vita. Jamaa wakiishi Muhoroni au Kibos, uliza unaponunua tiketi kama treni inasimama huko. Reli kupita mlangoni pao si hoja.

Zawadi za kwenda (sukari, majani chai, mikate) hazina shida, mradi mikate iwe juu ya gunia. Za kurudi ndizo mtihani. Samaki mbichi hamalizi usiku mzima bila barafu. Mwambie mwenyeji amkaange akauke, apoe kabisa, ndipo umfunge kwa karatasi. Akifungwa kwenye plastiki akiwa moto, hutoa jasho na kulegea. Omena mkavu (dagaa wa ziwani) aingie kwenye ndoo yenye kifuniko, la sivyo behewa zima litajua mlikotoka.

Kwa anayeanzia Nakuru, siisifu. Treni hupita hapo usiku mwingi, na kungoja na watoto saa hizo ni adhabu, ilhali matatu ya mchana inakufikisha Kisumu kwa saa nne hivi. Na anayerudi Nairobi asipange mkutano wa saa mbili Jumatatu asubuhi.