Duka la rangi pale Mwanga, kwa wanaotengeneza bakigraundi za picha

Wadau wa Kigoma mnaofanya miksidi midia, yaani kuchanganya rangi, karatasi na vitambaa kwenye picha moja, watu wananiuliza kila siku jeso, ile rangi nyeupe ya kutanguliza kabla ya kuchora, naagiza wapi. Siagizi. Karibu mwaka sasa vitu vyote vya bakigraundi nanunua kwenye duka moja la rangi na vifaa vya ujenzi pale Mwanga, maana jeso yenyewe ni gundi ya akriliki na unga wa chaki na rangi nyeupe ya titani, kazi yake ubao usinywe rangi halafu uwe na ukwaru kidogo ili kinachokuja juu kishike, na vitu vya kufanya kazi hiyo wanavyo.

Ninachowapendea zaidi wanapima. Rangi ya maji nyeupe unapimiwa nusu lita kwenye chupa yako, jipsamu (ule unga mweupe wa plasta) robo kilo, hadibodi, yaani ubao mwembamba wa kuchorea, wanakukatia saizi unayotaka, hulazimiki kubeba ndoo nzima kwa picha mbili. Siku ya kwanza dada wa kaunta kaniuliza napaka ndani au nje, nikamwambia napaka picha, akamwita fundi aliyekuwa anasubiri mzigo wake. Yule kaka alinieleza vizuri sana aisee: "Piga msasa kwanza upande ule laini, mdogo wangu, mkono wa kwanza tia maji kidogo uingie ndani, wa pili ndo uwe mzito, na mgongo wa ubao usiusahau, ukipaka upande mmoja tu utajikunja." Nimefanya hivyo hivyo mpaka leo na weupe wa chini haujanibandukia hata picha moja.

Jipsamu changanyeni kidogo kidogo jamani. Ule unga haukauki tu kama rangi, unashikana na maji na kuwa mgumu, mimi nilikoroga kopo zima nikaenda kupokea simu, narudi ni jiwe. Sasa hivi vijiko viwili kwenye rangi ya maji na gundi, napaka haraka kwa kadi ya zamani ya benki, alama zinazobaki nazipenda sana.

Baada ya hapo ndo raha inaanza. Juu ya weupe nabandika gazeti la zamani na vipande vya kitenge, nasubiri vikauke kabisa, kisha udongo wetu mwekundu niliouchekecha nachanganya na gundi na maji napitisha mwepesi sana, halafu natandaza kipande cha wavu wa dagaa nilichopewa Kibirizi nagonga sponji yenye bluu juu yake, ukiuinua unaacha vitundu vitundu kama maji ya ziwa asubuhi. Mwisho msasa namba 220 taratibu, gazeti linaanza kuchungulia chini ya udongo. Hapo ndo unaona kila tabaka lilikuwa na sababu, na bado hujachora hata mtumbwi.

Kilichoniudhi ni gundi. Waliwahi kuniuzia gundi nyeupe ya bei rahisi, ikikauka unaona iko poa lakini ukipitisha rangi yenye maji juu yake inalainika upya, gazeti likanyanyuka lote nikapoteza kazi ya siku tatu na ilikuwa ya mteja, niliumia sana. Nilipowarudia walinisikiliza wakanionyesha ile ya mbao inayovumilia maji, bei imechangamka ila ndo ya kununua. Na masika usidanganyike na mkono wa juu kuonekana mkavu, mimi nalaza usiku mzima kila tabaka.

Rangi za mafuta wanazo nyingi, ndogo ndogo, nzuri kwa kumalizia. Edward Said Tingatinga, yule mwanzilishi wa michoro ya Tingatinga, alipoanza kuchora kule Dar mwaka 1968 alitumia rangi za kung'aa za namna hiyo juu ya hadibodi, kwa hiyo tusione aibu kuchorea vitu vya dukani. Ila mafuta yaje juu ya rangi ya maji iliyokauka, ukigeuza ukapaka ya maji juu ya mafuta itabanduka tu.

Brashi zao sizipendi, zinaacha nywele kwenye rangi, chukueni rola ndogo ya sponji. Nyota nne kwa tano, ile moja imeondoka na gundi. Mkienda asubuhi mnahudumiwa kwa utulivu, mchana mafundi wanajaa, na bebeni chupa yenye mfuniko unaokaza.