Nilisomea utalii endelevu Unguja kwa miezi minne: niliyoyakuta

Vijana wa kwetu Kizimkazi wameniuliza mara nyingi kama ile kozi ina faida au ni kutupa pesa. Jibu linategemea nani anauliza, kwa hiyo naeleza yote, mpime wenyewe. Jina la chuo silitaji. Nina manung'uniko nacho, na walimu wake wawili ni watu ninaowaheshimu.

Mie ni mtu wa boti. Miaka saba sasa nachukua wageni alfajiri kwenda kutazama pomboo kwenye ghuba ya Menai. Kiingereza cha baharini ninacho, Kiitaliano cha kubahatisha pia. Nilijiunga kwa sababu kampuni moja ya mjini ilianza kuwauliza manahodha cheti cha utalii endelevu kabla ya kuwapa wageni. Karatasi ndiyo niliyoifuata, si elimu, na nadhani nusu ya darasa walikuwa kama mimi.

Masomo ni jioni tatu kwa wiki, na Jumamosi ya kutoka. Ada laki sita, kwa mikupuo miwili. Kisichoandikwa kwenye fomu ni nauli na viingilio vya hizo Jumamosi, pamoja na fulana ya chuo ambayo lazima uinunue kwao. Nilipojumlisha mwisho, ilikuwa inakaribia laki nane. Kilichoniudhi zaidi ya hizo pesa ni kwamba somo la pili kabisa lilikuwa linasema bei anayotajiwa mgeni iwe ya wazi tangu mwanzo.

Halafu kozi inaanza Julai! Aliyepanga ratiba hiyo hajawahi kula kwa boti. Julai na Agosti ndiyo miezi tunayochuma. Aprili na Mei, masika, vyombo viko juu pwani, hoteli nyingine zimefunga, na vijana tumekaa barazani tunacheza karata. Huo ndio wakati wa kutuweka darasani. Mtu aliyeamka saa kumi alfajiri akatia mashine maji, ikifika jioni anasinzia tu kwenye kiti. Tulianza watu 22 tukamaliza 14, na karibu wote walioacha walikuwa madereva na watu wa bahari, yaani wenye kukutana na wageni kila siku.

Sasa mazuri, maana yapo.

Wiki ya tatu mwalimu alitupeleka kwenye bomba linalovuja nyuma ya jengo, akaweka ndoo chini na kutwambia tusubiri saa nzima. Tukapima, tukazidisha kwa siku, kwa mwezi, kwa vyumba 40 vya hoteli. Hakuna aliyecheka tena. Pwani yetu ya kusini na mashariki ni mawe matupu. Maji matamu yamekaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi, na ukivuta kupita kiasi chumvi inapanda. Bibi yangu alikuwa akisema kisima chao "kimegeuka" na sisi tukidhani ni mambo ya wazee. Baada ya somo lile niliacha kukicheka kile kikaratasi cha chooni kinachomwomba mgeni atundike taulo yake aitumie tena.

Siku nyingine mwalimu alikuwa anahangaika na neno la Kiingereza lenye maana ya idadi ya wageni ambayo mahali panaweza kubeba bila kuharibika. Makabrasha yote ni ya Kiingereza, na hilo ni kosa jingine. Mzee mmoja tuliyesoma naye, fundi wa ngalawa, akasema kwa upole, "Mwalimu, si shehena hiyo? Kila chombo kina shehena yake, ukizidisha kinakaa maji." Mwalimu akaliandika ubaoni na hakulifuta wiki nzima. Nadhani darasa zima lilielewa zaidi siku ile kuliko kwenye slaidi zote.

Safari ya Chumbe peke yake ilikaribia kunirudishia ada. Kisiwa kile ni hifadhi tangu 1994, na kina vyumba saba tu vya wageni. Maji ya mvua yanakingwa kutoka mapaani, umeme ni wa jua, na vyoo havitumii maji, uchafu unageuka mboji. Walinzi wa kwanza walitoka kwa wavuvi. Nimezaliwa na bahari lakini sikuwahi kuona chewa mkubwa ambaye hamkimbii mtu. Kwetu chewa wa ukubwa ule angekuwa amekwishaingia chunguni.

Lakini somo lililonigusa ni la pomboo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo linapouma. Jumamosi moja tulikwenda ghuba yangu mwenyewe, mashine imezimwa, kila mtu na daftari. Kazi yetu ilikuwa kuandika boti ngapi zinakuja, zinatokea upande gani, na wanyama wanafanya nini. Nilihesabu boti tisa kwa pomboo sita. Pomboo hulala nusu ya ubongo kwa zamu, nusu nyingine iko macho ili wapande kuvuta pumzi, kwa hiyo akipumzika anakwenda polepole, anazama na kuibuka mahali palepale. Miaka saba nimewaambia wageni "wamekuja kucheza na nyie". Walikuwa wamelala, nasi tunawazunguka na mashine, wageni wanarushwa majini mbele ya pua zao, pomboo mama anamficha mtoto wake upande wa pili. Daftari lile ninalo hadi leo.

Nilibadilika. Sasa nawaendea kwa ubavu, siwakati njia, nikifika karibu nazima, na boti zikishakuwa nyingi naondoka. Na hapa chuo kilituangusha: hakikutufundisha tumwambie nini mgeni ambaye mapokezi ya hoteli yameshamwahidi kuogelea na pomboo. Miezi miwili ya mwanzo tipu zilipungua vibaya. Familia moja ilinigombeza mpaka pwani, na msaidizi wangu akanuna siku tatu. Dawa niliipata mwenyewe: nazungumza kabla hatujaondoka, bado tuko mchangani, nikieleza kwa nini, na anayetaka kurudi arudi. Wengi hawarudi, na tipu zimepanda tena, ingawa si kama zamani.

Kuhusu kupata kazi, msitarajie makubwa. Walituahidi fildi ya wiki sita hotelini. Mimi niliishia kukunja mashuka na kubeba masanduku, na hakuna aliyenionyesha hata mita ya maji. Mwenzangu mmoja alibahatika, akawekwa jikoni na kupewa kazi ya kupima chakula kinachotupwa kila siku. Huyo ndiye aliyeajiriwa. Cheti nacho kilichelewa miezi mitatu baada ya mtihani, kila ukipiga simu unaambiwa kinasubiri sahihi.

Jambo moja la kusaidia kwenye usaili: tulisoma vigezo vya baraza la kimataifa la utalii endelevu, GSTC, vyenye mafungu manne, uongozi, jamii na uchumi, utamaduni na mazingira. Walitufafanulia kwamba baraza hilo halitoi cheti kwa hoteli moja kwa moja, bali linaidhinisha wanaotoa. Nilipoulizwa swali hilo na ile kampuni ya mjini nililijibu, na yule dada akaweka kalamu chini akanitazama upya. Kazi nilipata, ya siku nne kwa wiki.

Kwa hiyo, kama tayari unashika mgeni mkononi, uwe dereva, mpishi, mtu wa boti au mama wa mwani anayetembeza watu shambani kwake, jiunge. Kama umetoka skuli juzi na unatafuta ajira ya kwanza, pesa hiyo kwanza itie kwenye lugha.

Nimewaandikia kuwaomba waanzishe darasa la masika, la Aprili, na wamejibu kwamba watalifikiria. Mdogo wangu anataka kuingia hili la Julai, nimemwambia asubiri. Na akienda achukue miwani yake ya kupigia mbizi, ya chuo inaingiza maji.