Nungwi au Matemwe: Tazama Maji Kabla ya Kuchagua Ufukwe

Wanaopanga mapumziko kaskazini mwa Unguja hufika mahali pa kuamua kati ya Nungwi, penye hoteli nyingi, muziki na watu wa kila taifa, na Matemwe, kijiji kirefu cha wavuvi na wakulima wa mwani kilichoko upande wa mashariki. Vijiji vyote viwili vimo katika Wilaya ya Kaskazini A, na vyote hufikika kwa daladala kutoka mjini: namba 116 kwa Nungwi na namba 118 kwa Matemwe. Wengi hulinganisha sehemu hizi kwa kelele na utulivu peke yake. Ulinganisho huo ni wa haki, lakini kwa maoni yangu unakuja wa pili, kwa sababu kinachomvunja moyo mgeni wa ufukweni mara nyingi ni kuamka asubuhi akakuta bahari imeondoka.

Katika visiwa vyetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Jambo ambalo matangazo ya hoteli hayasemi ni saa ya mabadiliko hayo. Siku za bamvua, yaani siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, maji ya Unguja hupwa kabisa kiasi cha saa nne asubuhi na kujaa kiasi cha saa kumi alasiri. Siku za maji mafu, yaani zile za katikati mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi, na hata yanapokupwa alasiri hayaendi mbali sana. Kwa hiyo mwenye kuijua tarehe ya mwezi wa Kiislamu anaweza kukisia, akiwa bado nyumbani, bahari atakayoikuta saa ya kuogelea.

Nungwi imejengewa sifa yake juu ya jambo hili. Ufukwe wa magharibi, unaoteremka kuelekea Kendwa, una mchanga unaozama upesi, na hivyo hata maji yakiwa yamekupwa mtu hutembea hatua chache akawa kifuani. Familia yenye watoto wanaotaka kuoga asubuhi na jioni haitapata mahali pazuri zaidi katika kisiwa hiki. Upande huohuo hukingika kiasi dhidi ya upepo wa kusi unaovuma katikati ya mwaka, na jua huzama baharini mbele ya macho ya watu. Hata hivyo, si kila hoteli yenye jina la Nungwi iko upande huo. Ukipita mnara wa taa na kushuka mashariki ya rasi, unakuta mwamba na maji yanayokimbia, na mgeni aliyelipa bei ya ufukwe wa magharibi akapewa chumba cha mashariki ana haki ya kulalamika. Uliza upande kabla ya kulipa, na usitosheke na picha, maana picha nyingi hupigwa maji yakiwa yamejaa.

Kelele za Nungwi ni za kweli. Muziki huendelea usiku, hasa mwisho wa wiki, na sherehe za mwezi mpevu kule Kendwa huvuta vijana kutoka kisiwa kizima. Mapapasi hukufuata mchangani kukuuzia safari za boti, vinyago na kusuka nywele; wengi wao ni vijana wenye adabu ambao huondoka wakijibiwa kwa Kiswahili na kwa upole, lakini mtu aliyekuja kusoma kitabu atachoka kujibu. Mimi huchoka.

Lakini Nungwi ina kitu ambacho wageni wengi hukipita bila kukitazama, nacho ni mafundi wa vyombo. Ufukweni, karibu na nyumba za kijiji, mashua na majahazi huundwa kwa mkono hadi leo. Nenda asubuhi, uombe ruhusa, usimame kando. Utamwona fundi akichonga taruma, yaani mbao za mbavu za chombo, kwa tezo huku mguu wake ukiwa ndio kishikio cha ubao, na mwenzake akisukuma pamba iliyolowa mafuta ndani ya maungio ya mbao kwa patasi butu na nyundo, pigo fupi fupi, hadi ufa usionekane. Kazi hiyo ndiyo kalafati, na chombo kisichokalafatiwa vizuri hakifiki mbali. Kwangu hii ndiyo sababu bora zaidi ya kwenda Nungwi hata kwa mtu ambaye hatalala huko.

Matemwe ni habari nyingine. Mbele ya kijiji kuna uwanda mpana wa maji ya kina kifupi unaoishia kwenye mwamba, mahali ambapo mawimbi huvunjika na kuonekana kwa mbali kama mstari mweupe, na ng'ambo yake ni kisiwa cha Mnemba. Maji yakipwa uwanda wote hubaki mchanga, mawe na vidimbwi, na hapo ndipo kijiji huingia kazini. Wanawake huteremka na mashamba yao ya mwani huonekana: vigingi vilivyokitwa kwa safu, kamba zilizotandazwa baina yake, na vishada vya mwani vilivyofungwa kimoja kimoja. Wengine huenda hadi mwambani na vijiti vyao kutafuta pweza. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara Zanzibar mwaka 1989 na kimewapa wanawake wa mashariki fedha iliyo mikononi mwao wenyewe, ingawa joto la bahari limeathiri sana ile aina yenye bei nzuri, ambayo wakulima huiita kotonii. Mgeni anayetembea huko avae viatu vya mpira kwa sababu ya miiba na mawe makali, asikanyage kamba za watu, na asimpige mtu picha kabla ya kumwomba.

Utulivu wa Matemwe ni mkubwa. Usiku husikii ila upepo na adhana ya alfajiri. Upepo wenyewe ni wa kuzingatia, kwani ufukwe huu uko wazi kwa kaskazi na kwa kusi pia, na siku nyingine mchanga huruka hadi mezani. Migahawa nje ya hoteli ni michache, chakula huagizwa mapema, na ni vyema kuja na fedha taslimu. Nje ya eneo la hoteli unatembea katikati ya kijiji cha Waislamu, kwa hiyo nguo za kuogelea zibaki ufukweni mbele ya hoteli, na wakati wa Ramadhani mtu asile wala kunywa hadharani mchana.

Kwa wanaokuja kuona matumbawe ya Mnemba, Matemwe ina faida ya wazi: boti hukaribia mwambani kwa muda mfupi kuliko zile zinazotoka Nungwi, na ukitoka mapema unafika kabla ya msongamano. Kisiwa chenyewe ni cha hoteli ya binafsi na huwezi kushuka bila kuwa mgeni wake. Unachoruhusiwa ni kuogelea juu ya mwamba, baada ya kulipa ada ya hifadhi. Mwambie nahodha asiwafukuze pomboo. Boti nyingi zikiwazunguka wanyama hao kwa wakati mmoja hawapati nafasi ya kupumzika, na nahodha husikiliza abiria wake akiona wamekubaliana.

Mimi huchagua Matemwe, na ningemshauri hivyo mtu mzima yeyote anayetaka kupumzika na kuona bahari ikifanyiwa kazi na wenyewe. Simshauri hivyo mzazi wa watoto wadogo ambaye likizo yake imeangukia siku za bamvua. Huyo alale Nungwi magharibi au Kendwa, na siku moja akodi gari aje Matemwe maji yakiwa yamekupwa. Mwenye uhuru wa kuchagua tarehe aifuate Matemwe kuanzia tarehe nane au tarehe ishirini na mbili ya mwezi wa mwandamo, apate maji ya asubuhi, na aepuke masika ya Aprili na Mei, wakati ambapo baadhi ya hoteli za pande zote mbili hufungwa. Wakaazi wa Tanzania waulize bei ya mkaazi kwa simu kabla ya kuweka nafasi, kwa kuwa hoteli nyingi zinayo lakini haziitangazi.