Skripti ya Python inajikokota? Nimejaribu cProfile, py-spy na line_profiler

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo sina simu mpya mkononi wala laptopu. Nina vifaa visivyoshikika, vyote vya bure, na kazi yake ni kukwambia skripti yako ya Python inaupeleka wapi muda. Nimevitumia kwenye kesi halisi.

Kesi yenyewe ni hii. Anko wangu ni mhasibu wa SACCOS. Nilimwandikia skripti ya kusoma faili la miamala ya simu, iondoe risiti zilizojirudia, halafu ijumlishe kila mwanachama kalipa kiasi gani. Nilipoijaribu nyumbani, kufumba na kufumbua imemaliza. Ulipofika wakati wa kufunga hesabu akaipa faili la mwaka mzima, mistari kama 200,000, kisha akanipigia: "Anko, hiki kidude chako kimelala au kimekufa?" Nikamwambia subiri kidogo. Akasubiri. Chai ikaisha, kidude bado.

Najua wengi wenu mngefanya nini hapo. Mngeweka time.time() juu, time.time() chini, mtoe, mprinti. Siyo dhambi, ila basi tumieni time.perf_counter(), ipo tangu Python 3.3. Ile time.time() inafuata saa ya kompyuta, na kompyuta ikijirekebisha saa katikati ya kazi, hesabu yako imeharibika. Tena ukishaweka printi kumi na mbili, unasahau ipi ilikuwa ya nini.

Twende kwenye cProfile. Hii inakuja ndani ya Python yenyewe tangu toleo la 2.5, kwa hiyo hata bando haikuli. Unaandika hivi, tazama skrini:

python -m cProfile -s tottime malipo.py

Skripti inakwenda hadi mwisho, kisha unamwagiwa jedwali. Kuna safu mbili hapo zinazowachanganya watu. tottime ni muda ambao fankisheni (kipande cha skripti chenye jina na kazi yake) imeutumia yenyewe, kwa jasho lake. cumtime inajumlisha na muda wa wote iliowaita. Ukipanga kwa cumtime, juu kabisa utaikuta skripti nzima, na bila shaka imekula muda wote. Ni sawa na kuambiwa kwamba umeme wa nyumba hii unalipwa na baba. Tunajua. Tunachotaka ni aliyeacha pasi inawaka, na huyo yumo kwenye tottime.

Sasa nikiri kosa langu. Nilipima kwa faili langu dogo la majaribio, mistari 1,000, kwa sababu nilikuwa na haraka. Karibu na kilele cha jedwali akatokea bwana anaitwa _strptime, yule anayegeuza maandishi ya tarehe kuwa tarehe. Nikasema, nimekupata! Nikamtoa, nikaweka datetime.fromisoformat, ambayo kweli ni nyepesi: strptime imeandikwa kwa Python na ndani yake inahangaika na regex (kanuni za kusaka maandishi kwa umbo lake), wakati fromisoformat imeandikwa kwa C na inajua umbo la ISO tu, yaani mwaka-mwezi-siku. Nikamtumia anko, nikakaa kusubiri sifa. Akajibu neno moja: "Bado."

Nusu ya lawama ni yangu, nitaeleza kwa nini. Nusu ni ya kifaa. cProfile inaandika kila mara fankisheni inapoingia na inapotoka, na uandishi huo wenyewe una gharama. Fankisheni ndogo inayoitwa mara maelfu inabeba gharama hiyo kila safari, kwa hiyo inaonekana nzito kuliko ilivyo. Halafu cProfile haioni mistari. Ukiandika "if namba not in zilizoonekana", hilo halihesabiwi kama mwito wa fankisheni, muda wake unamezwa na fankisheni mama. Nyumba utaonyeshwa, chumba utajitafutia. Na sisi tuliojifunza wenyewe tunajijua, nyumba zetu ni fankisheni moja ya mistari 200.

Hapo ndipo py-spy iliponifurahisha. Imeandikwa na Ben Frederickson kwa lugha ya Rust, unaipata kwa pip install py-spy. Skripti yako haiigusi kabisa, hata mstari mmoja hubadilishi. Inakaa nje, inachungulia kumbukumbu ya mchakato unaoendelea, mara 100 kwa sekunde kama hukuibadilishia, na kila ikichungulia inaandika uko mstari gani. Kama mwalimu wa zamu dirishani. Wewe endelea na kazi, yeye ana daftari lake.

Na kidude cha anko bado kilikuwa kinaendelea! Sikumwambia akizime. Kompyuta yake nilishamwekea Ubuntu (aina ya Linux), nikaingia kwa mbali, nikatafuta PID, yaani namba ya mchakato, nikaandika:

sudo py-spy dump --pid 4312

Ukiambiwa "command not found" wakati umeshainstoli, usitukane. sudo, inayoendesha amri kwa ruhusa za msimamizi, haioni njia zako, andika sudo env "PATH=$PATH" py-spy na kuendelea. Nilipoteza muda hapo, wewe usipoteze.

Jibu likaja palepale: fankisheni ondoa_marudio, malipo.py, mstari wa 41. Nikarudia baada ya dakika. Mstari wa 41. Nikarudia tena. Mstari wa 41. Anko, hakijafa, kinahesabu.

Mstari wa 41 ndio ule wa "not in zilizoonekana", na zilizoonekana ilikuwa listi. Ukiiuliza listi kama ina kitu fulani, inaanza mwanzo na kukagua mmoja mmoja. Kila risiti mpya inaulizwa dhidi ya zote zilizotangulia. Kwa mistari 1,000 ni kama ulinganisho nusu milioni, Python hata haitoki jasho. Kwa mistari 200,000 ni karibu bilioni 20. Data imeongezeka mara 200, kazi imeongezeka mara 40,000. Ndiyo maana faili langu dogo lilinidanganya: kwenye mistari 1,000 tarehe kweli zilikuwa zinakula muda, na huyu mwizi mkubwa alikuwa bado mtoto. Nikabadilisha listi kuwa seti, yaani [] ikawa set() na append ikawa add. Seti inakwenda moja kwa moja mahali kitu kilipo, haijali iko na vitu vingapi. Basi. Ile kazi yote ya tarehe ningeweza kuiacha.

py-spy pia inachora. py-spy record -o picha.svg -- python malipo.py inakupa ile picha ya ndimi za moto aliyoianzisha Brendan Gregg mwaka 2011. Isome kwa upana: kipande kipana ndicho kilichoonekana mara nyingi. Kimo kinaonyesha tu nani kamwita nani, na kushoto kwenda kulia siyo mtiririko wa saa, watu wengi wanakosea hapo. Ukiianzisha skripti kwa njia hii kwenye Linux, sudo huhitaji.

Kasoro zake ninazo. Skripti ya nusu sekunde itachunguliwa mara 50 tu, hapo usiamini sana unachokiona. Ndani ya Docker (inayoendesha programu kwenye kontena lililotengwa) itagoma mpaka umpe kontena ruhusa ya SYS_PTRACE, yaani ya kuchungulia mchakato mwingine. Na kubwa zaidi: nyuzi (threads, kazi zinazokwenda sambamba ndani ya skripti) zilizolala haizihesabu usipoweka --idle. Kwa hiyo kama skripti yako inasubiri majibu ya mtandao, picha itatoka safi kabisa na wewe bado unateseka. Kwenye kusubiri, cProfile inaishinda, maana yenyewe inapima saa nzima inayopita, kazi na usingizi pamoja.

line_profiler nitaipitia haraka. Unaweka @profile juu ya fankisheni unayoishuku, unaendesha kernprof -l -v malipo.py, na kila mstari unapewa asilimia yake. Inapendeza, hasa kwa wale wa fankisheni za mistari 200. Lakini lazima uwe na mshukiwa kwanza, na inaichelewesha sana skripti, kwa hiyo saa usizipokee kama zilivyo, angalia asilimia. Ukisahau kuitoa @profile halafu ukaendesha kawaida, unakula NameError, kosa la Python kutolijua jina hilo. Anko alishakula moja, hiyo nayo nilipigiwa.

Scalene, ya kina Emery Berger wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, inatenganisha muda wa Python na muda wa maktaba za C, na kumbukumbu inakuonyesha. Kama unaishi ndani ya NumPy (maktaba ya hesabu nzito), ianze hiyo. Kwa risiti za SACCOS ni kununua lori la kubebea mkate.

Mkiniuliza kipi kinabaki kwenye kompyuta yangu, ni py-spy, na sababu ni ile dump peke yake. cProfile haiondoki kwa sababu haiwezi kuondoka, ipo humo humo, na kwa skripti fupi au inayosubiri mtandao naanzia kwake. Ila kwa faili la ukubwa wa kweli, siyo la mistari 1,000.

Anko sasa faili lake linaisha kabla hajakoroga sukari. Amehamia kwenye printa, anasema ndiyo inayomchelewesha. Nimemwambia hiyo py-spy haiishiki.