Neasden Mandir, London: bure na roho inatulia
Jamani kama upo London na kichwa kimejaa stresi nenda Neasden kwenye lile hekalu la Wahindu, kuingia bure. Limefunguliwa 1995, mawe ya Bulgaria na marumaru ya Italia yakapelekwa India kuchongwa kwa mkono ndo yakaletwa kuunganishwa huku, ukiangalia nguzo shingo inauma. Viatu unavua, kaptula acha nyumbani, picha ndani hawaruhusu (afadhali, maana tungekua tunajipiga selfi tu). Mi sio Mhindu ila nilikaa chini nusu saa kimyaa nikatoka mwepesi. Halafu wazee wa Kigujarati wengi wametokea Afrika Mashariki, mmoja kanipiga "shikamoo ananipa nani hapa?" nilicheka. Diwali watu nyomi, wahi mapema.