Tahadhari: Vidonge vya kifafa vinavyouzwa bila pakiti Mtwara na Lindi

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, hasa mnaomuuguza mtu mwenye kifafa nyumbani, jihadharini na muuzaji anayezunguka minadani na kupokea oda kwa simu, akidai kuwa ana kabamazepini, dawa ya kuzuia kifafa, ya miligramu 200 kwa nusu ya bei ya duka la dawa. Vidonge huvihesabu kutoka kwenye kopo na kuvitia katika kifuko cha nailoni kisicho na jina la kiwanda, namba ya toleo wala tarehe ya mwisho wa matumizi.

Nilinunua kwake mwezi uliopita, baada ya kukosa dawa hiyo katika kituo chetu cha afya. Mpwa wangu wa miaka 13, aliyekuwa amemaliza miezi 11 bila kuanguka, alianguka siku ya sita, na siku ya nane akaanguka tena, safari hii hatua moja tu kutoka kwenye jiko la mkaa. Mfamasia wa hospitali alivitazama vile vidonge, vikiwa vigumu na vyenye madoa, akanieleza kwamba kabamazepini ikikaa penye unyevu hukakamaa, haiyeyuki ipasavyo tumboni, na inaweza kupoteza theluthi moja ya nguvu yake au hata zaidi. Nasi tunaijua hewa ya pwani yetu, achilia mbali kopo linalofunguliwa kutwa nzima juani. Tena, kama kweli ilikuwa kabamazepini, hilo haliwezi kuthibitishwa kwa macho, bali kwa kipimo cha maabara.

Nilipompigia muuzaji, alinishauri nimpe mtoto dozi maradufu. Tafadhali, asithubutu mtu kufanya hivyo, kwani dawa hii ikizidi humletea mgonjwa kizunguzungu, kuyumba na kuona vitu viwiliviwili, na zaidi ya hapo huweza kuhatarisha maisha yake.

Aliyekwisha kununua asimwachishe mgonjwa dawa ghafla, kwa kuwa kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege la mfululizo. Ampeleke hospitali siku hiyohiyo akiwa na vidonge hivyo mkononi, na degedege likipita dakika 5 asisubiri kupambazuke. Kifuko msikitupe. Kipelekeni kwa mfamasia wa wilaya au kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), kwa sababu muuzaji huyu hatoi risiti, na kifuko hicho ndicho ushahidi pekee tulio nao.